Mwongozo kamili wa kuishi na joto la Mombasa, kulingana na unakotoka

Kila Disemba SGR inashusha watu pale Miritini na kabla hata hawajapata tuktuk ushawaona wamekunja mikono ya shati, chupa ya pili ya maji inaisha, na swali ni lile lile, "kwani nyinyi mnaishije huku?" Jibu ni kwamba tunaishi vizuri tu, ila kuna vitu tunafanya bila kuvifikiria na mgeni hawezi kuvijua asipoambiwa. Na mgeni wa Limuru hahitaji kuambiwa sawa na mgeni wa Garissa, hapo ndo miongozo mingi inapokosea, wanakwambia kunywa maji, vaa kofia, basi.

Kwanza tuelewane kuhusu msimu. Kaskazi inavuma kuanzia Novemba hivi, joto linapanda taratibu, Februari na Machi ndo kilele, mchana digrii 32 au 33 na usiku inashuka mpaka 25 hapo, haishuki zaidi. Aprili kusi inaingia na mvua zake na watu wanapumua. Julai na Agosti ni raha, na ukiona mwenyeji amevaa sweta alfajiri kwa digrii 21 usicheke, mwili wake umezoea kitu kingine, kama wewe tu.

Sasa mtu wa Lodwar atasema 33 ni nini, kwetu 36 ni siku ya kawaida. Kweli, lakini kuna kipimo kinachochanganya joto na unyevu wa hewa kupata joto linavyohisiwa mwilini: digrii 36 za Lodwar hewa ikiwa kavu zinahisiwa kama 36 tu, ila 33 za Mombasa unyevu ukiwa asilimia 65 zinahisiwa kama 40 na ushei. Sababu ni jasho. Jasho kutoka peke yake halipozi kitu, linapoza likikauka, na hewa ya huku ishajaa maji ya bahari kwa hivo jasho linadondoka tu chini bila faida. Shika hilo moja na hatua zote zilizobaki utazielewa: huku kazi yako ni kusaidia jasho likauke, mambo ya kukimbizana na kipimajoto achana nayo.

HATUA YA 1: Jijue unatoka wapi

Watu wa nyanda za juu, yaani Nairobi, Limuru, Nyahururu, Eldoret na kote huko juu ya mita 1,600: shida yenu ni kwamba mwili haujajifunza kutoa jasho mapema, na kubwa zaidi mmezoea usiku unaopoza nyumba. Nairobi hata siku ya jua kali ikifika saa mbili usiku unatafuta blanketi. Hapa hakuna hio huruma, usiku wa tatu bila kulala ndo unakuangusha, kuliko jua lenyewe.

Watu wa joto kavu, Garissa, Wajir, Turkana, hata waliotoka Khartoum: nyinyi jasho mnalijua, ila ujanja wenu mwingi huku haufanyi kazi. Kufunga madirisha mchana kutwa, kulowesha shuka, kutundika kitambaa chenye maji dirishani, vyote vinategemea hewa kavu. Ukifanya hivo mtaa wa Majengo hapa Mombasa mwezi wa tatu unajitengenezea mvuke ndani ya chumba. Nyinyi ndo mnaojiamini sana na ndo mnaochelewa kuona mambo yameharibika.

Mtu wa Kisumu atazoea haraka, simjali sana. Mgeni wa Ulaya ana shida zote za mtu wa Limuru na ngozi yake pia inaungua, tena Mombasa iko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, mwanzoni mwa Machi jua la saa sita linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Mafuta ya kukinga jua kwake ni lazima, na kwa wenzetu wenye ualbino vile vile, popote walipotoka.

Wa Lamu, Unguja na Dar, hamna cha kusoma hapa, rukeni mpaka hatua ya mwisho.

HATUA YA 2: Wiki mbili za mwanzo, punguza mbio

Mwili unazoea joto, na unazoea haraka kuliko watu wanavyodhani, siku 7 hadi 14 hivi. Ndani ya muda huo jasho linaanza kutoka mapema zaidi, linakuwa jingi, chumvi inayotoka nalo inapungua, na maji ya damu yanaongezeka ili moyo usihangaike. Lakini mwili haujifunzi ukiwa umejifungia kwenye AC asubuhi mpaka usiku, lazima utoke nje kila siku, utembee, utoke jasho, saa moja au mbili hivi, alafu upumzike. Na ukirudi bara wiki kadhaa mazoea yanapotea, ukija tena unaanza upya, kwa hivo usiseme "mimi nilikuja mwaka jana".

Kama umekuja kufanya kazi ya jua, mjengo Bamburi au kubeba mizigo Kongowea, hapo ni mambo ya usalama. NIOSH, taasisi ya Marekani inayohusika na afya kazini, inashauri mfanyakazi mgeni siku ya kwanza afanye kazi kwenye joto asilimia 20 tu ya muda wa kawaida, kisha aongeze asilimia 20 kila siku. Najua foremani wa huku hatakuelewa ukimwambia asilimia 20, mwambie tu upewe kazi ya kivulini siku tatu nne za mwanzo na uwe unazidisha. Fundi aliyetoka Murang'a jana na anataka kuwaonyesha watu ubavu saa saba mchana ndo yule anayebebwa.

HATUA YA 3: Maji, na chumvi watu wanayoisahau

Usisubiri kiu. Ukiwa kazini juani kikombe kimoja kila dakika 15 au 20 kinatosha, na usivuke lita moja na nusu kwa saa, manake kuna watu wakisikia "kunywa maji" wanamimina lita tatu kwa mpigo. Jasho linatoka na chumvi, ukirudisha maji matupu mengi sana chumvi ya damu inashuka na unaanza kuumwa kichwa na kichefuchefu, alafu unadhani ni upungufu wa maji, unaongeza tena maji. Kwa hivo kula. Chakula cha kawaida chenye chumvi kinarudisha nyingi. Angalia mkojo, ukiwa njano hafifu uko sawa, ukianza kukoza kama chai ya rangi umechelewa.

Madafu ni mazuri na mimi sitasema vingine, ila ujue yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, ile iliyo kwenye chumvi, na jasho linatoa sodiamu zaidi. Kunywa dafu lako alafu kula kitu cha chumvi nalo, ile mihogo ya kukaanga ya pale ufukweni Mama Ngina yenye pilipili na ndimu imekaa sawa kabisa hapo. Ukiwa umetokwa jasho siku nzima na misuli inakaza, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari visivyorundikana na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Usizidishe chumvi, watu wanapenda kuzidisha. Mwenye presha au ugonjwa wa figo asianze mambo ya chumvi bila kuongea na daktari wake.

Maji ya ukwaju, juisi ya mabungo, juisi ya miwa, kunywa ukipenda, ila ile yenye sukari nyingi ni starehe, usiihesabu kama maji. Na angalia barafu imetengenezwa na maji gani, manake ukiharisha kwenye joto hili unapoteza maji kwa njia mbili.

Wageni wanashangaa wazee wa Mji wa Kale wanavyokunywa kahawa tungu ya moto kwenye baraza. Si wazimu. Kinywaji cha moto kinaongeza jasho, na jasho hilo likikauka unapata baridi zaidi ya ile joto uliyoinywa. Ila angalia wanainywa saa ngapi na wapi, jioni, kwenye upepo, kivulini. Ukiinywa hio kahawa ndani ya matatu imekwama Buxton saa nane mchana utajuta.

HATUA YA 4: Nguo

Jeans acha bara. Nasema hivi kila mwaka na kila mwaka watu wanashuka na jeans. Unachotaka ni kitu kipana kinachoruhusu upepo upite kati ya nguo na ngozi, pamba au kitani nyepesi: kikoi, kanzu, dera, leso nyumbani. Shati la poliesta linalobana linashikilia jasho kwenye ngozi na halikauki vizuri, alafu linanuka.

Watu wataniuliza, mbona wanawake wa huku wanavaa buibui jeusi na hawaanguki. Kuna utafiti maarufu wa 1980 kwenye jarida la Nature kuhusu kanzu nyeusi za Mabedui jangwani, wakagundua joto linalofika mwilini chini ya kanzu nyeusi na nyeupe ni sawa, manake nguo ikiwa pana na nyepesi joto la juu ya kitambaa linachukuliwa na upepo kabla halijafika kwenye ngozi. Kwa hivo upana na upepo vina uzito kuliko rangi. Sasa abaya za siku hizi za kitambaa kizito cha plastiki na bitana ndani ni habari nyingine, wanaouza wanajua na wanaonunua wanajua.

Mafuta mazito ya kupaka mliyozoea Julai kule juu, yawekeni kando. Yanaziba vitundu vya jasho na unapata harara, vile vipele vidogo vinavyowasha shingoni, mgongoni na kwapani. Harara dawa yake ya kwanza ni kuoga, kujikausha vizuri na kukaa kwenye upepo. Watoto wachanga wa bara ndo wanateseka zaidi kwa sababu nyanya mtu anakuja na soksi na kofia ya sufi. Mama, mvue mtoto jamani.

HATUA YA 5: Nyumba na usiku

Hapa ndo vita vyenyewe. Ukilala vizuri utavumilia mchana wowote.

Anza na kuchagua nyumba. Wageni wanaangalia vigae na balkoni, wewe angalia upepo. Chumba kiwe na madirisha pande mbili ili hewa iingie huku itokee kule, na dirisha moja liangalie mashariki au kaskazini mashariki ambako kaskazi inatokea, kusi nayo inatokea kusini mashariki kwa hivo upande wa bahari unashinda mwaka mzima. Epuka ghorofa ya mwisho chini ya bapa la zege, au chini ya mabati yasiyo na silingi, usiku dari lenyewe linakupikia. Epuka chumba cha kulala kinachopigwa na jua la alasiri. Waliojenga Mji wa Kale walijua haya, kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vinavyopeana kivuli, madirisha ya juu yenye mbao za kupitisha upepo. Makuti nayo yanapoza kuliko bati mara nyingi tu. Sisi tukaja kujenga vioo.

Feni: kwa Mombasa feni ni mali. Feni haipozi hewa, inapoza mtu kwa kukausha jasho, na inafanya kazi vizuri hewa ikiwa chini ya joto la ngozi ambalo ni kama 35. Huku ni mara chache sana kuvuka hapo, kwa hivo feni inakusaidia karibu kila siku ya mwaka, usiache mtu akwambie ni kupoteza tokeni za stima. Iweke ikupige moja kwa moja. Jioni nje kukipoa kuliko ndani, weka nyingine dirishani ikiangalia nje itoe lile joto lililokaa chumbani. Ukitoka chumbani zima, haina kazi bila mtu.

Ile mashine ya bei nafuu ya kujaza maji na barafu wanayouza kama mdogo wake AC, usinunue. Garissa itakufaa sana. Hapa inaongeza unyevu kwenye chumba ambacho tayari kina unyevu, na asubuhi godoro limelowa.

Ukiwa na AC iweke 25 au 26 na feni juu yake, utalala na bili haitakuua. AC inapunguza unyevu pia, ndo maana 26 ya AC ni tamu kuliko 26 ya nje. Wanaoweka 17 wanaamka na koo limekauka na mwili wao hauzoei Mombasa hata wakae mwaka.

Kitanda: godoro zito la foam linashika joto la mwili, tandika mkeka juu yake, au lala kwenye mkeka sakafuni kama sakafu ni ya vigae, hakuna aibu. Vile vitanda vya zamani vya kamba vilikuwa na akili, hewa inapita chini. Neti usiiache kwa sababu ya joto, malaria ipo, tafuta pana ya kutundika mbali na mwili na uisogeze feni karibu.

Kuoga kuna siri yake. Tangi liko juu ya paa, ikifika saa tisa mchana bomba linatoa maji ya chai. Jaza ndoo asubuhi uiweke ndani kivulini, jioni utaoga maji yaliyopoa. Oga kabla ya kulala, usijikaushe sana, simama mbele ya feni. Kama maji yenu ni ya kisima cha chumvi, na mitaa mingi ni hivo, bakisha jagi la maji matamu ya kumalizia, chumvi ikikaukia ngozini inawasha usiku kucha.

Stima ikipotea, na itapotea usiku wa joto zaidi manake ndo kila mtu amewasha, chukua mkeka utoke barazani kwa wenzako.

HATUA YA 6: Siku yako ipange na jua

Shughuli za kutembea zimalize kabla ya saa nne asubuhi, alafu rudi tena baada ya saa kumi. Ndo maana maduka mengi ya Mji wa Kale mchana unakuta yamefungwa, mwenyewe amelala, usigonge. Bahari saa saba haikusaidii sana, maji ya Machi yenyewe yako 29 hivi na jua linakupiga kutoka juu na kutoka kwenye maji, nenda asubuhi au jioni. Feri ya Likoni ukiweza epuka saa za watu kwenda na kutoka kazini, ule msongamano bila upepo umewazimisha wengi.

Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi na ya 2026 Februari na Machi, yaani kwenye kilele chenyewe. Anayefunga kwa mara ya kwanza Mombasa ajue kunywa maji kidogo kidogo toka futari mpaka daku, kuliko kubugia lita mbili dakika ya mwisho ambazo zitaishia chooni. Daku usile vya chumvi sana. Kazi nzito isogeze usiku kama unaweza, na ukiona dalili za hatua inayofuata, fungua, dini imetoa ruhusa kwa mgonjwa.

HATUA YA 7: Dalili za kutochezea

Kuchoka ghafla, kizunguzungu, kichwa, kichefuchefu, misuli kukaza huku jasho linatiririka: hapo mwili umezidiwa. Kivulini, lala miguu juu kidogo, legeza nguo, maji yenye chumvi na sukari, feni. Usiporudi sawa ndani ya nusu saa hivi tafuta hospitali.

Mtu akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, kuyumba kama mlevi, kuzimia au kupata degedege huku mwili unachoma, hio ni dharura, joto la ndani limefika 40 au zaidi. Jasho linaweza kuwa limekauka au bado lipo, usitumie hilo kuamua. Poza KWANZA huku mwingine anatafuta gari: mwagie maji mengi baridi mwili mzima na mpepee kwa nguvu, ukipata beseni au tangi la maji ya barafu mtumbukize ukimshika kichwa, barafu kwapani, shingoni na kwenye kinena. Usimnyweshe kitu kama hajitambui. Panadol haisaidii, hii si homa ya ugonjwa.

Na kinyume chake, usiseme kila joto la mwili ni jua. Umetoka Nyeri, una homa inayokuja na kuondoka, baridi inakutetemesha, nenda kapime malaria siku hio hio.

Wazee, wajawazito, watoto, na wanaotumia dawa za presha zinazokojolesha au baadhi ya dawa za akili na mzio, wanazidiwa mapema. Usiache dawa, ila muulize daktari kabla ya msimu.

HATUA YA 8: Wewe wa Mombasa unayesafiri

Ghuba kwanza, manake vijana wetu wengi wanaenda huko. Qatar kazi za nje zimepigwa marufuku saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu kuanzia 1 Juni hadi 15 Septemba, Imarati ni saa sita na nusu mchana mpaka saa tisa, 15 Juni hadi 15 Septemba. Zijue hizo saa kabla hujaondoka, ni haki yako. Joto la kule linavuka 40, na hapo ile feni uliyoiamini Kisauni inakupulizia moto tu. Usijidai mtu wa pwani, siku za mwanzo anza pole pole kama mgeni wa Limuru.

Ulaya ndo inashangaza. Unasikia London wanalia kwa digrii 30 unacheka. Lakini 19 Julai 2022 Uingereza ilifika digrii 40.3, na kiangazi cha 2003 joto liliua watu karibu 15,000 Ufaransa peke yake, wengi wazee walioishi wenyewe. Nyumba zao zimejengwa kushika joto, AC ni chache, na jua la Julai linatoka saa kumi na moja alfajiri linazama baada ya saa tatu usiku, masaa 16, wakati sisi tumezoea 12 na giza la kutupumzisha. Ukifika funga mapazia na madirisha ya upande wa jua mchana, hewa yao ni kavu kidogo kwa hivo ule ujanja wa Garissa wa kitambaa chenye maji kule unafanya kazi, alafu fungua yote usiku. Na feni nunua Mei, manake wiki ile joto likitangazwa kwenye habari madukani huwa zimeisha zote.